Chai ya zambarau ikigeuka buluu, je, faida imepotea?

Swali: Mama yangu ana miaka 68 na ameanza kusahausahau. Ana kisukari, anatumia metfomini. Nimemnunulia chai ya zambarau kwa sababu nasikia rangi yake hulinda ubongo. Hapa Bahati tunatumia maji ya kisima. Nikichemsha majani ndani ya sufuria, chai inatoka buluu ya kijivu, na ile ya thamosi ikifika mchana imekuwa kahawia. Je, imeharibika? Nitie maziwa? — Msomaji, Nakuru

Jibu: Buluu isikutishe. Ile kahawia ya mchana ndiyo hasara.

Rangi ya chai hii, itokayo kwenye mchai wenye majani ya zambarau, ni anthosianini, jamii moja na rangi ya zambarau tunda, rozela na kabichi nyekundu. Penye asidi huwa nyekundu, penye alkali huwa buluu. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana baikaboneti ya sodiamu, ambayo ni alkali. Utayatambua kwa utelezi unaobaki mkononi hata baada ya kusuuza sabuni. Yakichemka, gesi ya kaboni hutoka na alkali huzidi. Anthosianini ikikaa humo na moto, molekuli zake hupasuka, na zikishapasuka hazirudi.

Pima hivi: mimina chai kidogo kwenye glasi, kamulia matone ya ndimu. Ikigeuka waridi, rangi ingalipo. Ikibaki kahawia iliyopauka, imekwisha. Hata chai ya kawaida hung'aa ikitiwa ndimu, kwa hiyo tafuta uwaridi wenyewe.

Kuanzia sasa majani yasichemshwe. Mjini Nakuru, mwinuko wa mita 1,850 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo. Epua, acha wazi dakika nne au tano yashuke kuelekea 80. Tia kijiko kidogo kimoja cha majani (gramu 2 hadi 3) kwa kikombe cha mililita 250, funika dakika tatu, chuja, kisha ndimu kijiko kidogo kimoja papo hapo. Anywe ikiwa moto. Ya thamosi achaneni nayo, au itiwe ndimu kabla ya kufunikwa.

Maji ya mvua yaliyotekwa safi yanafaa zaidi, na si kwa ajili ya rangi tu. Visima vya huko vingi vina floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na majani ya chai nayo yana floraidi yake. Kuchemsha hakuiondoi, ndimu haiiondoi. Chujio la makaa ya mifupa huipunguza.

Kagua pakiti pia. Majani ya zambarau yakichachushwa kiwandani kama chai nyeusi, sehemu kubwa ya anthosianini huharibika humo humo, na hakuna ndimu itakayoirudisha. Nunua yasiyochachushwa.

Maziwa yaache nje ya kikombe hiki: protini yake hushikana na sehemu ya viambato vya chai. Yatie kwenye mboga za majani kama saga au managu. Rangi iliyomo mle, luteini, imejificha chini ya kijani na huyeyuka kwenye mafuta. Bila maziwa yenye malai au kijiko cha mafuta ya kupikia, nyingi hupita tumboni bila kufyonzwa. Mabibi wa Magharibi mwa Kenya wanaolaza mboga chungu kwenye maziwa wanafanya jambo la maana.

Sasa ubongo. Aina ya mche huu, TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 kutoka kituo cha utafiti wa chai cha Kericho. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba anthosianini zake hufika kwenye ubongo wa panya. Panya, narudia. Kwa binadamu, uchunguzi wa wauguzi wanawake 16,010 wa Marekani, uliochapishwa 2012, uliona waliokula matunda kama bluberi na stroberi kwa wingi kumbukumbu zao zikichakaa polepole zaidi, ila uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba tunda ndilo lililofanya kazi. Nayo luteini ya vidonge ilipojaribiwa kwa wazee kwa miaka mitano, matokeo yakatoka 2015, haikuleta tofauti ya maana kwenye akili. Kwa hiyo mama anywe vikombe viwili kwa siku kama anaipenda, saa moja mbali na chakula kwa sababu chai huzuia madini ya chuma. Usitarajie imrudishie kumbukumbu.

Kilichonishtua katika barua yako ni metfomini. Ikitumika kwa miaka, hushusha vitamini B12, na upungufu wa B12 huleta usahaulifu unaoweza kutibika ukigunduliwa mapema. Mpeleke hospitali akapimwe B12, tezi ya shingo, sukari na presha, na waulize kuhusu usikivu wake na huzuni. Sukari inayoshuka mno nayo huvuruga akili. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za vidonda vya tumbo kama omeprazoli, kwani nazo hupunguza B12. Metfomini asiiache mpaka daktari aseme.