Kulala Roma kwa gharama nafuu

Ndugu, kwa kuwa umeuliza kama ni busara kulala karibu na stesheni ya Termini ili kupunguza gharama za siku nne mjini Roma, jibu langu ni ndiyo, mradi usichague chumba kwa kuangalia bei pekee. Mtaa wenyewe hauvutii sana usiku, lakini njia za metro A na B hukutana hapo, na ile ya B hukufikisha Colosseo, ule uwanja wa kale wa Warumi, baada ya vituo viwili tu. Kabla ya kulipa, uliza kuhusu kodi ya malazi ya jiji, ambayo hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku na aghalabu haimo katika bei unayoiona mtandaoni. Treni ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino hadi Termini hugharimu euro 14; ile ya kawaida inayosimama njiani, iitwayo FL1, ni euro 8, ila haipiti Termini, na kwa mwenye mizigo mizito sioni kama nafuu hiyo inastahili usumbufu wake. Ukiweza, safari yako iangukie Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambapo makumbusho ya serikali, pamoja na Colosseo, huingiwa bure, japo foleni zake ni ndefu mno.