Gadenia ya Chungu Ikigeuka Njano: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kitalu Nakuru

Mteja ataingia na chungu kifuani, gadenia imepauka, na swali lake huwa ni moja: niweke mbolea gani? Usiwe na haraka ya kumuuzia. Muulize kwanza majani yaliyoanza kuwa njano ni ya juu au ya chini, kisha umuulize anamwagilia maji ya wapi.

Kama ni machanga ya nchani, chukua moja uliinue kwenye mwanga. Ukiona mishipa imebaki kijani na nyama ya jani katikati imekuwa njano, mmea umekosa chuma. Chuma hakihami kutoka jani kuukuu kwenda jipya, ndiyo maana majani machanga ndiyo huumia kwanza. Na mara nyingi hicho chuma kimo humo humo chunguni, ila kimefungika. Gadenia hupenda udongo wenye asidi, pH 5 hadi 6 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi). Ikipanda kupita 6.5 hivi, mizizi inakaa juu ya chuma na haiwezi kukinywa. Wale wanaochomeka misumari yenye kutu kwenye chungu wanapoteza misumari tu.

Hapa kwetu mshukiwa wangu wa kwanza ni maji. Visima vingi virefu vya Bonde la Ufa vina maji yenye bikaboneti, ambayo hupunguza asidi ya udongo, na sodiamu, pamoja na ile floraidi inayowafanya watoto wengi wa huku kuwa na meno ya kahawia. Ardhini mvua husafisha. Chunguni kila ukimwagilia unaacha kidogo, na baada ya miezi kadhaa udongo mzuri wa asidi umegeuka. Pitisha kucha kwenye ukingo wa chungu: ukikwangua unga mweupe, umeshapata jibu la nusu. Mwambie mteja akinge maji ya mvua, na amwagilie mengi mara moja hadi yatoke chini kwa wingi, yabebe ile chumvi. Asipofanya hivyo, dawa zote utakazomuuzia ni za kupoza.

Nusu ya pili iko kwenye udongo wenyewe. Uliza kama mtu ametia majivu ya jiko, maana wengi hutia wakidhani ni mbolea ya kila kitu. Chokaa pia. Hata mbolea ya CAN, ambayo haikosekani kwenye duka lolote la pembejeo, imechanganywa na chokaa. Kwa gadenia tumia SA, yaani salfeti ya amonia, tena kidogo. Udongo wa Kericho unaostawisha chai unaifaa kabisa, lakini ukiujaza peke yake chunguni unashikana na kuzuia maji. Uchanganye na samadi iliyooza vizuri na mawe mepesi ya volkano, yale ya kijivu yenye vitundu.

Chuma cha kununua kipo. Huuzwa kikiwa kimeshikwa na kemikali inayokizuia kisifungike udongoni, na jina la kemikali hiyo huandikwa kwenye pakiti. Cha EDTA kinatosha pH ikiwa chini ya 6.5, ikiwa juu ya hapo tafuta cha EDDHA, ingawa bei yake itamfanya mteja akutazame vibaya.

Majani ya chini yakiwa njano sawasawa, mmea una njaa ya naitrojeni. Yakiwa njano kati ya mishipa na kuacha kijani karibu na kikonyo, ni ukosefu wa magnesi, na chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi) itasaidia. Moja mawili kudondoka ni uzee tu.

Yakiwa njano juu na chini, inua chungu. Kizito, chenye harufu ya matope, mizizi ya kahawia inayovuliwa ganda ukiivuta: huyo amezamishwa. Wateja wa mjini hupenda kuweka chungu ndani ya chungu kingine cha urembo kisicho na tundu. Kitoe.

Kuna pia Juni na Julai. Nakuru iko juu, yapata mita 1,850, na usiku wa baridi mizizi hulegea, haivuti chuma hata kama kipo. Wakati huo usimwage dawa juu ya dawa. Sogeza chungu ukutani panapopata jua la asubuhi.

Kabla hujamruhusu mteja aondoke, geuza majani uangalie upande wa chini. Vidoa vyeupe vidogo na utando mwembamba ni utitiri, vidudu vidogo sana vinavyonyonya majani, na hapo maneno yote ya udongo hayahusiki. Na mtahadharishe mapema kwamba majani makuukuu ya njano huenda yasirudi kijani. Atakaporudi, yatakayosema kweli ni machipukizi mapya.