Benki ya fedha na ukingo wa mto: neno "bank" limetoka wapi

Mkuu mleta mada, umeuliza inakuwaje Waingereza waite "bank" mahali pa kuweka fedha na ukingo wa mto pia, na kama hiyo ni sadfa tu. Si sadfa. Maana hizo mbili ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti.

Nafundisha Kiingereza sekondari. Mwaka fulani kijana wa kidato cha pili alitafsiri sentensi ya mvuvi hivi: "Alikaa benki akisubiri samaki." Darasa zima likacheka, yeye akainamisha kichwa. Iliniuma, maana kamusi yake ndogo ilikuwa na maana moja tu ya neno hilo. Jioni nikakaa na kamusi kubwa ya asili ya maneno.

Mzizi ni wa zamani sana, wa lugha zilizozaa Kijerumani, Kiingereza na lugha za Skandinavia. Tawi la Skandinavia lilitaja tuta la udongo, na kwa Kiingereza linaonekana tangu mnamo 1200: huo ndio ukingo wa mto. Tawi jingine likawa kikalio, "bench", ambalo sisi tunaliita benchi. Waitalia nao walilipata neno kwa makabila ya Kijerumani, wakaita banco au banca ile meza ndefu ya wabadilisha fedha. Likapitia Ufaransa, na karne ya 15 likaingia Uingereza na fedha zake. Hata "bankrupt", yaani aliyefilisika, chanzo chake ni banca rotta: benchi lililovunjika.

Wajerumani hadi leo wana Bank moja tu. Ukitaka kujua wanasema nini, sikiliza wingi: Bänke ni mabenchi, Banken ni mabenki.

Na sisi tumewachukua ndugu wote wawili! Tunasema benki ya damu, tunasema benchi la ufundi, na hatuwazi kwamba ni ukoo mmoja. Wala kikalio kugeuka taasisi si jambo geni kwetu: baraza ni pale tunapokaa mbele ya nyumba, na ndilo hilo hilo Baraza la Mawaziri.

Maana nyingine zifuate matawi hayo. Rubani "akibank" analaza ndege upande, kama mteremko wa tuta. "Bank on" mtu ni kumtegemea, na hiyo imetoka upande wa fedha. "West Bank" ni Ukingo wa Magharibi wa mto Jordan, kwa hiyo ukikuta mtu kaandika Benki ya Magharibi, msahihishe taratibu.

Kesho yake nilichora ubaoni tuta, pembeni yake benchi, na juu ya benchi sarafu tatu. Sikueleza kitu kwanza, nikampa yule kijana chaki. Alitazama kidogo, akaenda moja kwa moja kwenye tuta, akamchora mvuvi wake na ndoana yake.