Usiache DAP kisa mashine ya eksirei imesema fosforasi ipo

Mkuu subiri kwanza, usimwite huyo jamaa. Umeandika anakuja na mashine ya eksirei ya mkononi kupima shamba lako la Njombe, halafu fosforasi ikisoma juu huna haja ya DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Hivyo hivyo nilifanya mimi, ekari tatu, msimu mzima ukaenda na maji.

Alikuja mtu na kimashine kama bunduki, anakigusisha kwenye udongo, muda kidogo namba hizo, fosforasi tele, potasiamu tele, chuma ndo usiseme, akaniambia mzee shamba limeshiba hili, ya kupandia achana nayo weka ya kukuzia tu. Nikaamini. Wiki ya nne napita asubuhi, mahindi yamekwama usawa wa kifundo cha mguu, majani ya chini zambarau, imeanzia kwenye ncha ikashuka na kingo, nikang'oa shina moja mizizi haijafika popote. Njaa ya fosforasi kabisa.

Yule mtu mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira, alichukua hela yangu akanyamazia jambo ambalo kazi yake inamlazimu alijue. Eksirei inahesabu atomi zote, zilizo ndani ya mawe, zilizong'ang'aniwa na chuma na aluminiamu, zote anakujumlishia, haijui mmea utakula zipi. Na udongo wetu mwekundu wenye asidi, pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi inazidi) ikiwa chini ya 5.5, unaikamata fosforasi haswa. Mahindi hayana meno mkuu, yanakunywa kilichoyeyuka tu! Naitrojeni ndo haioni kabisa, ni nyepesi mno. Wala usikimbilie ile ya kupiga sampuli kwa nyutroni halafu wanapima miale ya gama inayotoka, kwa potasiamu na manganizi iko vizuri sana ila nayo inatoa jumla, na fosforasi ikipigwa inatoa miale ya beta tu, kipima gama hakiipati.

Kwa hiyo usinunue wala usiache mbolea kwa namba ya jumla. Peleka udongo maabara, waambie unataka pH na fosforasi inayofikiwa na mmea, wanaitoa kwa Bray au Mehlich 3, dawa za maabara za kuiyeyusha kutoka kwenye udongo. Mimi nilipopeleka pH ilikuwa 4.9 na fosforasi ya kuliwa karibu hamna, nikaanza na chokaa ndo DAP ikafuata, msimu uliofuata mahindi yalikuwa kijani mpaka chini. Na sampuli usichanganyie kwenye ndoo ya bati, zinki yake inaingia humo.

Udongo wako mwekundu au mweusi? pH ulishawahi kupima?