Bei ya kahawa ilipanda, mbona wanunuzi wakazidi?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Niko S5 (kidato cha tano) hapa Bombo, wilaya ya Luwero, Uganda. Ticha wa ekonomiksi alitufundisha bei ikipanda watu wananunua kidogo, sasa mwaka 2024 kahawa ilipanda bei sana na bado wanunuzi walikuwa wanatufuata mpaka nyumbani na boda na mizani, wanataka kiboko (kahawa ya robusta inayokaushwa na ganda lake) hata haijakauka vizuri kwenye turubai. Hiyo sheria ni ya kitabuni tu?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Swali lako nimelipenda sana sababu umeangalia soko la kwenu badala ya kukariri tu. Sheria iko sawa, ila ina kipande ambacho wanafunzi wengi wanakiruka: mambo mengine yote yawe yamebaki kama yalivyo. Mwaka ule hayakubaki. Vietnam ndiyo inaongoza duniani kwa robusta, kahawa ileile mnayolima hapo Luwero, ikapigwa na ukame, Brazil nayo ukame, sasa wakaangaji wa Ulaya bado wanataka magunia yao na kule hayatoshi, wakawageukia wenye nayo na Uganda tumo, hadi robusta soko la London ikapita dola 5,000 kwa tani mwezi wa Septemba. Kwa hiyo hao wa boda hawakuvutwa na bei kubwa, wao kugombania kahawa kidogo ndiko kulikoipandisha bei.

Hapa ndipo pa kushika. Bei ikibadilika yenyewe, unatembea juu ya mstari uleule wa mahitaji (ule wa kwenye grafu unaoonyesha watu wanataka kiasi gani kwa kila bei), unapanda au unashuka nao. Ila kikibadilika kitu kingine, mfano mshindani wako kakosa mavuno, mstari wenyewe unahamia kulia, yaani kwa bei ileile watu wanataka kahawa ya Uganda nyingi kuliko jana. Ulichokiona nyumbani ni huko kuhama.

Na kwa nini bei iliruka vile? Mkulima hata akitaka kuongeza, mche mpya unachukua kama miaka miwili mitatu kuzaa, basi msimu ule ugavi hauongezeki kwa haraka. Mnywaji naye haachi kahawa kirahisi, anaweza kupunguza kikombe kimoja akalalamika akaendelea, na hapo sheria ya ticha ndiyo inaonekana, polepole.

Hiyo kiboko isiyokauka waambie wazee wasiiuze haraka hivyo tafadhali, unyevu unaleta ukungu na mnunuzi anautumia kuwakata bei.

Kwenye karatasi ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda) chora mistari miwili ya mahitaji, wa zamani na mpya, na mmoja wa ugavi uliosimama karibu wima, halafu onyesha bei mbili. Usiandike "mahitaji yamepungua" kama unamaanisha watu wamenunua kidogo sababu bei imepanda, hapo sema kiasi kinachohitajiwa kimepungua.