Msitu umenyauka, au ni namba tu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tangu 2019 nafuatilia kipande kimoja cha msitu kwa picha za setilaiti za Sentinel-2. Napakua bendi nyekundu, yaani tabaka la picha la mwanga mwekundu, na bendi ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho; nakokotoa kielezo cha uoto, yaani NDVI, namba inayopanda majani mabichi yakiwa mengi, halafu naweka kwenye grafu. Miaka mitatu mstari ulikuwa ukicheza karibu na 0.8. Mwisho wa Januari 2022 ukaporomoka hadi 0.57, na mpaka leo haujapanda. Nimeingia msituni mwenyewe: miti imesimama, majani yamejaa. Msimamizi wa utafiti wangu anataka niandike kwamba msitu umedhoofika. Niandike?

JIBU: Marahaba. Usiandike, tafadhali. Ulichokiona kwa macho yako ndicho sahihi. Kilichobadilika ni namna namba zinavyoandikwa ndani ya faili.

Tuchukue pikseli moja. Jani bichi lenye afya humeza mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, lakini infraredi huirudisha kwa wingi kwa sababu ya jinsi seli zake zilivyopangana. Tuseme pikseli yako inaakisi asilimia 5 ya mwanga mwekundu na asilimia 45 ya infraredi. Faili haliandiki 0.05 na 0.45, linaandika 500 na 4500, yaani uakisi mara 10,000. NDVI ni tofauti ya bendi hizo mbili ukigawanya kwa jumla yake: 4000 kwa 5000, unapata 0.8. Hapo ndipo wengi tulipojizoesha vibaya. Ile 10,000 iko juu na chini ya mgawanyo, inajifuta yenyewe, basi tukawa tunatia namba mbichi kwenye kanuni na jibu linatoka sawa.

Kuanzia tarehe 25 Januari 2022, Shirika la Anga la Ulaya lilianza kutoa picha za Sentinel-2 kwa toleo la uchakataji 04.00, na humo kila thamani imeongezwa 1000. Pikseli yako ileile sasa inasomeka 1500 na 5500. Tofauti bado ni 4000, lakini jumla imekuwa 7000. Gawanya: 0.57. Ndiyo namba yako hiyo. Kilichozidishwa hujifuta kwenye mgawanyo, kilichojumlishwa hakijifuti.

Nyongeza yenyewe ina sababu nzuri. Penye giza, kama maji yenye kina au kivuli cha mlima, athari ya angahewa ikishaondolewa uakisi unaweza kuangukia chini kidogo ya sifuri. Faili halihifadhi namba hasi, kwa hiyo zamani thamani hizo zilikatwa. Sasa zinabaki.

Toa 1000 kwenye kila bendi kwanza, ndipo ukokotoe. Pikseli zenye 0 ziache, maana 0 ni alama kwamba hapo hapana data. Wala usiongozwe na tarehe ya picha peke yake: picha za miaka ya nyuma zimekuwa zikichakatwa upya, hivyo picha ya 2019 ukiipakua leo yaweza kuwa na nyongeza ndani yake. Fungua faili la maelezo linalokuja na picha, utafute BOA_ADD_OFFSET, yaani namba ya kujumlisha ili kuifuta nyongeza. Ukikuta -1000, nyongeza ipo. Baadhi ya huduma zimeshaitoa kabla ya kukupa picha, na ukitoa mara ya pili unaharibu. Mimi huwa natafuta ziwa safi lenye kina kwenye picha hiyohiyo, nasoma infraredi yake. Maji humeza karibu infraredi yote, kwa hiyo namba ikizunguka 1000, bado haijatolewa.

Kaa chini na msimamizi wako, kwa heshima, umwonyeshe pikseli hiyo moja kwa kalamu na karatasi. Ripoti ya msitu uliodhoofika ikishatoka, wapo watakaoitumia kuamua hatima ya miti ile.

SWALI: Kwa nini mnasisitiza "uakisi wa uso wa ardhi"? Setilaiti si inapiga picha ya ardhi hiyohiyo?

JIBU: Inapiga ardhi pamoja na hewa yote iliyo katikati. Mwanga wa jua hupita angahewa mara mbili, kushuka na kupanda. Molekuli za hewa na vumbi huutawanya, hasa ule wa buluu, na sehemu yake huingia kwenye kamera bila kugusa ardhi kabisa. Siku ya ukungu mwembamba, msitu uleule huonekana umefifia. Kwa hiyo athari hiyo hukadiriwa na kuondolewa, na kinachobaki ndicho uakisi wa uso wa ardhi.

Ili kujua kama masahihisho yamefaulu, mtu hushika spektromita, kifaa cha kupima mwanga rangi kwa rangi, akasimama ardhini saa setilaiti inapopita. Unapima kibao cheupe kinachoakisi karibu asilimia 99 ya mwanga, kiwe cha kulinganishia, unapima nyasi, unarudi kwenye kibao. Mwaka wangu wa kwanza vipimo vya asubuhi nzima vilitupwa kwa sababu nilivaa shati jeupe, na mwanga uliodunda kwenye shati ukaangukia nyasi nilizokuwa napima. Tangu hapo navaa nguo nyeusi, nalielekea jua ili kivuli kiende nyuma yangu, na wingu dogo likipita mbele ya jua naanza upya na kibao.