Maswali ya Wasomaji: Maabara ndani ya riwaya

SWALI: Riwaya za mwanzo za Patricia Cornwell, mwandishi Mmarekani wa hadithi za upelelezi, wahakiki walizimwagia sifa, za baadaye wakaziponda. Je, sayansi yake ilikosewa? Naandaa uhakiki wa riwaya ya sayansi jinai; nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Malalamiko makubwa yalihusu usimulizi, si sayansi. Postmortem (1990) ilizoa tuzo za riwaya za uhalifu za Edgar, Creasey, Anthony na Macavity. Humo Kay Scarpetta, daktari mchunguzi wa maiti, anasimulia mwenyewe. Kompyuta ya ofisi yake inapoingiliwa, ni kazi yake inayoning'inia, kwa hiyo kila karatasi ya maabara ina uzito. Cornwell alishafanya kazi katika ofisi ya uchunguzi wa vifo ya jimbo la Virginia, na inaonekana.

Blow Fly (2003) ikaacha nafsi ya kwanza na kuingia vichwani mwa wahalifu. Zaidi ya hapo, mtu tuliyeambiwa amekufa katika Point of Origin (1998) akaibuka yu hai. Msomaji aliyefundishwa kuamini ushahidi wa maiti ana haki ya kununa! Katika Port Mortuary (2010) Scarpetta alirudishiwa usimulizi wake.

Katika uhakiki wako, chagua onyesho moja la maabara, kisha usome riwaya kana kwamba halipo. Upelelezi ukiendelea vilevile, hilo ni pambo, liseme hivyo. Kisha kagua saa ya kifo. Maiti huanza kukakamaa baada ya saa mbili hadi nne hivi, mara nyingi huonekana kwanza tayani, na mwili mzima hukaza baada ya muda wa saa kumi na mbili hivi tangu kifo. Joto huharakisha, baridi huchelewesha. Daktari wa riwayani anayeshika mkono uliokauka na kutamka "alikufa saa tisa na dakika ishirini" anastahili kalamu nyekundu. Vivyo hivyo luminoli, kemikali ya kutafutia madoa ya damu: hung'aa kwenye damu, lakini hung'aa pia sakafu ikiwa imepigwa jiki. Mpelelezi makini hupeleka sampuli ipimwe tena.

Ila usiihukumu riwaya ya 1990 kwa vipimo vya leo. Wakati ule majibu ya vinasaba yalichukua wiki kadhaa na yalihitaji sampuli kubwa kuliko sasa. Kusubiri huko ndiko kulikojenga taharuki.

Kuhusu kufichua siri za hadithi: ukishavuka robo ya kwanza ya kitabu, taja mbinu, usitaje muuaji.